BARAZA LA NYUMBANI: Ilungu Halizai Jembe



Mwezi huu nilikusudia kuzungumza nanyi juu ya akiba ya chakula, lakini barua moja iliyopanda mlima kutoka Ilemba imenigeuza. Aliyeiandika ni mwalimu wa shule huko bondeni Rukwa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Amenipa ruhusa kuyaeleza maneno yake, ila nisimtaje jina. Naona barua hii ingaliweza kuandikwa na wengi wetu, kwa hiyo naileta barazani tuisome pamoja.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka jana alifariki pale kijijini mzee mmoja, mwalimu wa zamani, ambaye watu wazima wengi wa mahali pale walijifunza kusoma mikononi mwake. Jamaa zake wataka kumkumbuka mwaka utakapotimia. Wakamwomba mwalimu huyu atunge wimbo, na watoto wa darasa la sita wauimbe. Akakubali kwa furaha, ndipo taabu ilipoanza. Asema hivi:

"Jioni nne nimekaa mezani na taa mpaka usiku wa manane. Kila jioni naandika mstari mmoja, nausoma, naufuta. Karatasi imetoboka kwa kufutwa, wala wimbo haupo. Jioni ya tano nikasikia katika simu ya kijana wangu wimbo mzuri wa kwaya ya mbali. Nikaunakili, nikabadili maneno machache, nikatia jina la marehemu. Kesho yake nikawaambia watoto, Huu ndio wimbo niliotunga. Wakapiga makofi. Sasa wamekwisha kujifunza beti mbili, siku zimebaki 19, nami silali. Mzee wa Baraza, nifanyeje? Tena wenzangu hufanyaje, mtu anapotakiwa kutunga kitu asichokijua kitakuwaje?"

Hayo ni maswali mawili. Moja ni la dhamiri, na moja ni la kazi. Nitaanza na lile la kazi, maana nimeona katika maisha yangu kwamba watu wengi hawaibi wimbo kwa kuwa ni wezi. Huiba kwa kuwa wanaogopa karatasi nyeupe.

Nalisema hili nikilijua, wala si kwa kusikia. Nilikuwa kijana wa miaka 23, mwalimu mpya, nikatakiwa kuandika mchezo wa kuigizwa siku ya kufunga shule. Nilikuwa nimehifadhi daftari la rafiki yangu tuliyesoma pamoja, na ndani yake mlikuwa na mchezo aliotunga yeye. Nikaunakili, nikabadili majina. Watu walicheka, wakalia, wakanipa mkono. Mpaka leo hakuna aliyenigundua. Nalidhani adhabu ya mwizi ni kukamatwa, kumbe sivyo. Mwaka uliofuata wakaja wakaniambia, "Mwalimu, tupe wa pili." Nami wa pili sikuwa nao, maana wa kwanza haukuwa wangu. Nikajidai kuwa mgonjwa. Nikakaa miaka 11 bila kuandika hata shairi la harusi, na rafiki yangu akafa kabla sijamwambia neno. Ndiyo sababu namharakia ndugu yangu wa Ilemba leo, maadamu kwake ni siku 19, wala si miaka 11.

Aliyenifungua mwisho ni babu yangu. Maneno yake naliyasikia nikiwa mtoto, nikayaelewa nikiwa mtu mzima.

Katika nchi yetu ya Ufipa, pande za Sumbawanga na Nkasi, bado yapo matanuru ya udongo ya wazee wetu waliokuwa wakiyeyusha chuma. Tanuru hilo huitwa ilungu, na yakiwa mengi huitwa malungu. Kimo chake ni kama mita 3. Chini ni pana, nalo hupungua likienda juu. Limejengwa kwa udongo wa kichuguu, na mara nyingi karibu na kichuguu chenyewe. Chini lina matundu pande zote, ya kutilia vibomba vya udongo. Mgeni akiliona hustaajabia jambo moja: ilungu halina mivukuto. Mahali pengi mhunzi hupuliza moto kwa nguvu za mikono mpaka mabega yaume, lakini ilungu huvuta upepo lenyewe kwa ajili ya urefu wake, kama dohani inavyovuta moshi wa jikoni.

Wahunzi walitia mkaa na mawe ya chuma, wakawasha, na moto ukawaka siku kadhaa mchana na usiku. Basi fikirini hali ya mhunzi katika siku hizo. Ndani hawezi kuona, wala kufungua hawezi. Kazi ya majuma mengi, yaani kuchimba mawe, kukata miti, kuchoma mkaa na kujenga ukuta, yote imo ndani ya moto, naye hajui kama atapata chuma au ataambulia mawe yaliyoungua. Kwa ajili ya hofu hiyo wazee walikuwa na kikapu cha dawa kiitwacho ntangala, na miiko mingi. Hata wake zao waliwaepuka siku za kazi. Tusiwacheke. Mtu aliyeweka kazi yake yote mahali asipopaona hutafuta kitu cha kushika mkononi.

Mwaka 1914 Padre Wyckaert, wa shirika la Mapadre Weupe, aliandika katika jarida la Anthropos juu ya wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa pande hizi za Tanganyika. Kumbe tangu siku zile walikuwako Wakristo walioifanya kazi hiyo. Babu yangu katika utoto wake alikuwa mbeba mkaa wa wahunzi wa namna hiyo. Nilimwuliza, "Babu, mlipoacha kikapu cha dawa, hamkuogopa?" Akajibu, "Tuliogopa sana. Tuliacha dawa, lakini hofu haikutuacha sisi. Basi tulifanya sawasawa kila kilichokuwa mikononi mwetu, na kisichokuwa mikononi mwetu tukakingoja."

Siku nyingine tulisimama mbele ya ilungu moja lililozingirwa na majani marefu. Nami kwa akili ya kitoto nikauliza, "Jembe lilitokea wapi, juu au chini?" Alicheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu," akasema, "ilungu halizai jembe." Ndipo akanieleza kwamba kitokacho ndani ya ilungu ni bonge tu, chuma kilichochanganyika na mavi ya chuma na vipande vya makaa, kibaya cha kutazama. Bonge hilo huvunjwa, hutiwa katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, nalo ndilo lenye mivukuto. Humo husafishwa. Baada ya hayo ndipo huja nyundo na mkono wa mfuaji, na mwisho huonekana jembe. Ni kazi tatu, kila moja na wakati wake. Aliyelitazama bonge akasema, "Hili si jembe, tumeshindwa," akalitupa, huyo alitupa chuma chake mwenyewe.

Ndugu yangu wa Ilemba, hapa ndipo ulipokwama. Jioni nne uliliomba ilungu likupe jembe. Uliandika mstari mmoja, ukautazama papo hapo kama kitu kilichokwisha kufuliwa na kunolewa, ukaona ni mbaya, ukaufuta. Hakika ulikuwa mbaya, maana ulikuwa bonge. Ulipaswa kuwa hivyo.

Basi kwa msaada wa wote walio katika kazi isiyojulikana mwisho wake, iwe wimbo, mchezo, hotuba ya harusi, barua ya kumfariji mfiwa, au mama anayekata kitambaa cha gauni bila kielelezo, naandika hapa maneno matano.

Neno la kwanza: Anza na udongo ulio karibu. Wahunzi wetu hawakwenda mbali kutafuta udongo wa kujengea ilungu. Waliutwaa kwenye kichuguu, kisha wakajenga papo hapo. Mtu anayetunga wimbo wa msiba hukimbilia maneno makubwa, kama huzuni, milele, nuru na machozi. Maneno hayo si mabaya, lakini yametumiwa na kila mtu, wala hayamwonyeshi marehemu huyu. Uliza mzee alishika chaki kwa mkono gani. Uliza alisema nini mtoto alipochelewa. Jambo dogo la kweli lina uzito kuliko neno kubwa la kuazima.

Neno la pili: Tenga moto wa kwanza na moto wa pili. Jioni ya kwanza andika tu, usifute kitu, hata likija neno la kijinga liache likae. Funga daftari, ukalale. Jioni ya pili chukua kalamu nyingine, uvunje bonge, uchague. Mtu anayetaka kuzaa na kuhukumu kwa saa ileile atajichosha, kisha atakata tamaa. Walimu, wafundisheni watoto jambo hili mapema. Mtoto ambaye insha yake ya kwanza yapigwa mistari myekundu kabla wino haujakauka, huyo atajifunza kunakili.

Neno la tatu: Kazi ya wengi usiifanye peke yako. Huko Kamina, katika Katanga ya Kongo, padre mmoja Mbelgiji, Guido Haazen, alianzisha kwaya mwaka 1954. Walikuwamo watoto kama 45 na walimu kama 15. Kutoka kwao ilitokea Misa iitwayo Missa Luba, ambayo iliimbwa mara ya kwanza mwaka 1958, na mwaka uo huo kwaya ilisafiri hata Ulaya. Maneno yake ni ya Kilatini, bali sauti zake zilitoka katika nyimbo za nchi ile. Tena sehemu kubwa haikuandikwa kwanza mezani. Waimbaji wenyewe walizibuni sauti hizo kwa kuimba pamoja, mmoja akitoa na wengine wakipokea, na kuandikwa kulikuja baadaye. Basi mwalimu anayekaa peke yake na taa usiku, hali ana darasa zima la watoto mchana, amesahau ghala lake.

Neno la nne: Kidogo kilicho chako chatosha kuanzia. Mwaka 1897 huko Afrika ya Kusini mwalimu wa shule ya misheni, jina lake Enoch Sontonga, alitunga wimbo, ubeti mmoja na kiitikio. Uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899. Yeye alifariki mwaka 1905, angali kijana. Beti nyingine ziliongezwa na mshairi Mqhayi, zikachapwa mwaka 1927. Sauti ya wimbo huo ndiyo tunayoiimba sisi Watanzania tukisimama wima mbele ya bendera. Mwalimu yule hakujua kwamba nchi nzima zitausimamia wimbo wake. Angalikataa kuutoa mpaka ukamilike, labda leo tungalikuwa hatuna hata huo ubeti mmoja.

Neno la tano: Kosa liulize kabla ya kulitupa. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tena wahunzi wenyewe hawakuwa na njia moja tu. Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania aliyechunguza masalio ya uhunzi huko Nkasi, aliandika katika tasnifu yake ya mwaka 1995 kwamba mbali na malungu iko njia nyingine iitwayo katukutu, ambayo tanuru lake si kama ilungu. Nchi hiihii, chuma kilekile, njia mbalimbali. Basi ubeti ukikataa kuimbika, labda si ubeti. Labda ni maneno ya kusemwa na mtoto mmoja kati ya nyimbo mbili. Mstari usioingia mwisho, ujaribu mwanzo.

Hayo ni maneno matano. Lakini naona kwamba saa ya kukwama mtu hakumbuki mafundisho marefu. Akumbuka swali fupi. Hata mafundi wakubwa wa ulimwengu wameliona hili. Mwaka 1975 Waingereza wawili, Brian Eno mwanamuziki na Peter Schmidt mchoraji, walichapa sanduku la karata zaidi ya mia. Hazikuwa za kuchezea. Juu ya kila karata kuna agizo fupi au swali. Fundi akikwama katika kazi yake huchomoa moja bila kuchagua, akalitii agizo lake, ijapokuwa haoni mara moja lahusianaje na kazi. Walijua kwamba fikira iliyokwama huzunguka njia moja kama ng'ombe wa kupura, na swali la ghafula huigeuza njia.

Nasi twaweza kufanya hivyo bila kununua kitu. Kateni karatasi vipande, mwandike maswali haya, mvitie katika kikombe mezani. Ukikwama, chomoa kimoja.

1. Kitu gani cha jambo hili nimekiona kwa macho yangu mwenyewe?

2. Nani nyumbani mwangu ajua jambo hili kuliko mimi, nami sijamwuliza?

3. Ningalikuwa na mstari mmoja tu wa kusema, ungalikuwa upi?

4. Naogopa nini hapa: kazi yenyewe, au macho ya watu?

5. Nini kingebaki nikiondoa neno ninalolipenda kuliko yote?

6. Mtoto wa miaka 7 angeelewa? Nimwite asikilize.

7. Kosa hili lafaa kitu gani kingine?

8. Kazi hii yataka mkono wangu sasa, au yataka kungoja mpaka kesho?

Neno la kuonya. Karatasi hizo msizifanye kuwa ntangala mpya. Hazina nguvu ndani yake, wala hazitaondoa giza la tanuru. Mtu anaweza kuchomoa maswali mchana kutwa akajiona anafanya kazi, kumbe hajachimba jiwe hata moja. Swali ni la kukurudisha kazini. Likikwisha kukurudisha, liache.

Sasa narudi kwa swali la dhamiri. Gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, nami naliona kwamba likifika Ilemba siku ya kumbukumbu itakuwa imepita. Kwa hiyo nalimjibu mwalimu kwa barua siku ileile. Nikamwandikia hivi:

"Mwalimu, wimbo ule si dhambi kuuimba. Dhambi ni kuuita wako. Kesho asubuhi simama mbele ya watoto wako uwaambie, Wimbo niliowafundisha ni wa watu wengine, nami nalisema ni wangu, nimekosa. Najua jambo hili litakuuma kuliko jioni zote nne. Lakini tazama: watoto hao ndio watakaokuja kuwa walimu, na siku moja nao watakaa mbele ya karatasi nyeupe. Wakikumbuka kwamba mwalimu wao aliogopa, akakosa, akasema, akaanza tena, watakuwa na kitu cha kushika. Kisha uwape kazi ya nyumbani. Kila mtoto amwulize mtu mzima mmoja neno moja juu ya marehemu, alilete limeandikwa. Usiliongezee kitu. Siku ya kwanza mkusanye tu. Siku ya pili mchague."

Siku nane zikapita bila jibu. Nasema kweli, nalianza kujilaumu, nikidhani nimemtwisha mtu mzigo asioweza kuuchukua, na pengine ameaibishwa mbele ya wazazi. Ni rahisi kwa mzee kuagiza ushujaa kutoka mbali.

Ndipo ilipokuja barua ya pili, fupi. Asema kwamba alisimama, akasema, na sauti ilimkatika katikati. Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, sasa tutafanya nini?" Basi hapo, asema, hofu ilishuka, maana swali lilikuwa la kazi, wala si la lawama.

Siku iliyofuata watoto walileta vipande vyao. Wengi waliandika kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, na jambo hilo halikuwasaidia sana. Lakini mmoja alileta kwa bibi yake kwamba mzee alichonga penseli za watoto wasio na wembe, asubuhi, kabla ya kengele, akazipanga dirishani. Mwingine alileta kwa baba yake kwamba hakumpiga mtoto aliyelala darasani, bali alimwuliza kwanza kama amekula. Wa tatu alileta kwamba maji ya ziwa yalipopanda na watu wakahama, mzee alibeba ubao wa shule kichwani, akafundisha chini ya mti. Kwa hayo matatu darasa likaanza kuimba, mmoja akitoa sauti na wengine wakiipokea. Mchana kutwa sauti ziligombana. Mwalimu aliandika yote bila kufuta. Kesho yake wakachagua.

Mwisho wa barua aliuliza hivi: "Tuna ubeti mmoja tu na kiitikio. Ubeti ni ule wa penseli dirishani. Ule wa ziwa umekataa, hauimbiki. Zimebaki siku 6. Je, tuutumie ule wimbo wa kwaya kuujazia, tukitaja mwenyewe, au tuimbe ubeti huu mmoja?"

Nikamjibu kwamba yote mawili ni halali mbele ya dhamiri, na kwamba yeye ndiye aliye karibu na moto, wala si mimi. Lakini kama ataka shauri langu, ubeti wa penseli wauimbe mara mbili, polepole. Ule wa ziwa wasiutupe. Mtoto mmoja asimame ausome kama habari, kati ya mara ya kwanza na ya pili. Tena waliosalia wakumbuke kwamba mwakani kuna kumbukumbu nyingine, na beti zaweza kuongezwa na watu wengine.

Mpaka naandika haya sijapata habari imekuwaje. Labda watoto walisahau maneno. Labda wazee walinong'ona kwamba wimbo ni mfupi. Sijui, wala mwalimu hakujua aliposimama. Najua jambo moja tu: wakija mwaka ujao wakamwambia, "Mwalimu, tupe wa pili," hatahitaji kujidai kuwa mgonjwa.

Ninyi mliomo nyumbani, mwezi huu jaribuni pamoja baada ya chakula cha jioni. Chagueni mtu mmoja wa ukoo wenu aliyetangulia. Kila mmoja, hata mtoto mdogo, aseme jambo moja dogo alilolisikia au alilolishuhudia. Mmoja aandike, asifute. Jioni ya pili mchague maneno yanayoweza kuimbwa. Mkipata mstari mmoja mmepata. Mkipata bonge tu, liwekeni daftarini. Na walimu mtakaojaribu kikombe cha maswali darasani, niandikieni swali gani lilifaa na lipi halikufaa, nami nitayachapa hapa barazani pamoja na majina ya watoto walioyabuni, kwa idhini ya wazazi wao.

Juu ya akiba ya chakula tutazungumza mwezi ujao, tukijaliwa.

Nawaaga kwa heri. Ndimi mwenzenu,

Mzee wa Baraza